Kifua cha mama na mashine ya joto: ulinganisho kwa watoto njiti wa Dodoma

Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi ambayo mtu mzima huikinga kwa blanketi ni hatari kubwa kwa mtoto njiti, mwenye ngozi nyembamba na mafuta machache mwilini. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5, hutumia sukari na oksijeni nyingi kujipasha joto, hadi anakosa nguvu za kunyonya.

Mashine ya joto, yaani kisanduku maalumu anamolazwa mtoto, hudhibiti joto kwa kipimo na kumwezesha muuguzi kumwona mtoto wakati wote, jambo la lazima kwa aliye mahututi. Hata hivyo, inahitaji umeme wa uhakika, fundi na usafi wa hali ya juu.

Njia ya kangaruu ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mashine zilipokuwa haba. Mtoto aliyevaa kofia, soksi na nepi pekee huwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha hufungwa kwa kanga. Hapo hupata joto, hunyonya mara kwa mara na hupungukiwa na hatari ya maambukizi. Mama akichoka, baba au bibi humpokea. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa.

Kwa zahanati za wilaya za Chemba au Kongwa, mkoani Dodoma, naichagua kangaruu bila kusita, hasa wakati wa rufaa, kwa kuwa mtoto husafiri akiwa kifuani na joto lake halikatizwi njiani.