Pugu Sekondari (zamani St. Francis): nyota 4, ya tano imebaki kilimani

Kijana wetu alipopangiwa Pugu fomu faivu mama yake alinuna siku mbili nzima, yeye roho yake ilikuwa shule ya kanisa, na mimi nikawa sina hamu maana mdogo wake tulishampeleka shule moja ya kanisa (jina naliweka kapuni) ada tunalipa kwa kukopa halafu kila muhula inakuja karatasi mpya ya michango, mara rimu, mara fagio la chelewa, mara hela ya mahafali ya watoto wa watu. Nikasema poa, twende tukaione hiyo Pugu.

Tukapanda gari la Gongo la Mboto, pale tukachukua bajaji, tranka nyuma, godoro juu, ndoo nimepakata mimi. Kile kilima jamani. Bajaji inalia kama mbuzi wa Idi, mara dereva ananiambia mzee shuka kidogo usukume. Nyota moja nikaikata hapo hapo.

Kilichonichekesha, mama watoto analilia shule ya kanisa kumbe ndo kafika. Hii ilikuwa St. Francis College, ya Wakatoliki, na Pugu yenyewe misheni yake ni ya zamani kweli, Wabenediktini kutoka Ujerumani walianza 1888, Januari ya mwaka uliofuata vita ya Abushiri ikawakuta, wakauawa watatu na misheni ikateketea. Zaidi ya miaka 60 mbele hapa hapa Nyerere, katoka Edinburgh, akawa anafundisha historia. Watu wanalisikia hilo "Mwalimu" kama cheo cha siasa ila yule alikuwa mwalimu wa chaki kabisa, yuko na vipindi Pugu halafu anashuka Dar kama kilomita 20 kwenye mikutano, TANU inazaliwa Julai 7, 1954 yeye bado ana madaftari ya kusahihisha. Machi 1955 ndo akaacha kazi, ualimu wa misheni na siasa vikawa havipikiki chungu kimoja. Mkapa naye kasoma hapa, akitokea Ndanda, ambako nako ni kwa mapadre wale wale Wabenediktini.

Ikaja sheria ya elimu ya 1969, serikali ikachukua shule za makanisa, Pugu imo, Minaki ya Waanglikana kule Kisarawe imo, seminari ndo zikasalimika. Kwa hiyo hizi za kanisa tunazogombania leo zenye mabasi ya njano nyingi ni za juzi tu. Siwasemi vibaya, wanafundisha, ila sifa wanayoiuzia ilijengwa na walimu wa hizi kongwe, na hizi kongwe sasa ni za serikali, ada ya fomu faivu imefutwa. Mimi nimeshaelewa.

Wakati tunakabidhi fomu dogo ananiuliza baba, Nyerere alikuwa anafundisha darasa lipi? Nikamwambia kamuulize mwalimu wako wa historia, ndo kazi yake.

Kurudi tulishuka kwa miguu. Mama watoto kimya mpaka karibu na barabara, kumbe anapiga hesabu, akasema hivi yule mdogo tukimhamisha ile hela ya muhula ujao si tunamaliza deni la Vikoba? Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.