Kuosha gari bila kusuuza: vumbi la Lupa limekubali, tope la Kikondo limegoma

Nina Rav4 ya bluu iliyokolea, ile ambayo mtaani tunaiita Kilitime, na kazi yangu ni kununua viazi mviringo kwa wakulima na kuvitafutia soko. Anayezijua barabara za huku kwetu Mbeya ameshaielewa shida yangu. Kiangazi gari linarudi nyumbani na vumbi, masika linarudi na tope, na sasa kuna ujenzi wa njia 4 kati ya Nsalaga na Ifisi, ambako hata ukienda Mwanjelwa kununua nyanya tu unarudi gari limepakwa unga.

Halafu kuna suala la maji. Mtaani kwetu bomba lina siku zake. Kumwaga ndoo kumi juu ya gari asubuhi ambayo majirani wanapita na ndoo kichwani ni jambo ambalo nimelifanya mara moja, na macho niliyokatwa siku ile yalinitosha.

Mwaka jana shemeji yangu wa Dar akaniletea chupa ya Optimum No Rinse, dawa ya bluu, mililita 946. Akaniambia, "Shemeji, ndoo moja tu, na hakuna kusuuza." Nilicheka. Mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo hata kikombe cha chai kinasuuzwa mara mbili.

Nieleze kwanza inavyofanya kazi, maana bila hivyo hata mimi nisingejisadiki. Sabuni ya kawaida inadai maji mengi mwishoni kwa sababu lile povu lenyewe lazima liondoke. Dawa hii haitoi povu la maana. Ina polima, yaani molekuli ndefu za kemikali, ambazo zinazizunguka chembe za uchafu na kuzifanya ziteleze juu ya rangi, kisha taulo inazinyanyua. Kinachobaki kwenye bodi ni kidogo mno, unakikausha na taulo nyingine, umemaliza. Kipimo ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 256 za maji, yaani kama mililita 15 kwa lita 4. Mimi naweka mililita 30 kwenye ndoo yenye lita 8 hivi, na ninapima kwa bomba la sindano la kuchanjia mifugo, jipya, nililonunua duka la pembejeo. Kwa hesabu hiyo chupa moja ni zaidi ya ndoo 30. Usiongeze kwa kudhani itasafisha zaidi. Nilishaongeza, nikaishia kusugua ukungu kwenye vioo mpaka mkono ukauma.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa Septemba. Nilikwenda upande wa Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya, kufuatilia hela za viazi nilivyokopesha huko (hela sikupata, vumbi nilipata). Lami kutoka Mbeya hadi Chunya na kuendelea Makongolosi haina neno, lakini ukiiacha tu, unafunga vioo na kusali. Nilirudi gari likiwa na rangi ya biskuti. Mtoto wa jirani alikuwa ameshaandika jina lake kwenye kioo cha nyuma kabla sijazima injini.

Nililisogeza chini ya mparachichi saa moja asubuhi, kabla jua halijashika. Hilo si pambo. Huku juu mwezi Septemba upepo ni mkavu, na dawa ikikaukia kwenye boneti lenye joto inaacha michirizi. Nikajaza mchanganyiko kwenye kibomba cha mkono cha lita 2, vile vya kupulizia dawa bustanini. Angalizo kwa wakulima wenzangu: kiwe kipya, kisiwe kile kilichowahi kubeba dawa ya magugu. Nikapuliza upande mmoja wote, nikasubiri dakika mbili tatu, nikapuliza tena. Vumbi likaanza kuteremka lenyewe kama chai ya maziwa.

Kisha taulo. Nilikuwa na taulo 8 za maikrofaiba zimelowekwa zote ndani ya ndoo. Hii ni njia inayojulikana kwa jina la Garry Dean, na sheria yake moja ndiyo inayobeba kila kitu: taulo ikishagusa gari hairudi kwenye ndoo. Unaikunja mara mbili, unapata nyuso nane, unapitisha uso mmoja kwa mwelekeo mmoja bila kukandamiza, unageuza, unaendelea. Unaanza paa, unashuka vioo, boneti, milango kwa juu, na sehemu za chini unaziacha mwisho. Taulo zikachafuka vibaya sana, lakini maji ya ndoo yakabaki yanaonekana mpaka chini. Hapo ndipo nilipoanza kuamini. Dakika 50, lita 10 kwa jumla, na gari lilitoka linang'aa kuliko linavyotoka barabarani kwa waoshaji. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alisimama getini akauliza, "Baba, hilo gari unaliosha au unalipaka mafuta?"

Kwa vumbi, basi, hata vumbi zito la kiangazi kizima, naipa 9 kati ya 10. Ile moja nimeinyima kwa sababu kupuliza mara mbili si hiari. Vumbi letu lina mchanga ndani yake, na mchanga ni mgumu kuliko ile klia inayoilinda rangi. Ukiligusa kavu, umeshakwaruza.

Sifa zikanipanda kichwani.

Machi nikapanda Kikondo kupitia Isyonje. Wanaoijua njia ile wakati wa mvua hawahitaji maelezo. Kwa wasioijua, fikiria ugali uliokosa unga, halafu endesha gari juu yake ukiwa unapanda mlima. Nilifika nyumbani usiku, nimechoka, nikalala. Asubuhi tope lilikuwa limekauka kuanzia kwenye madigadi hadi usawa wa vitasa, kama nyumba iliyosilibwa. Mtu mwenye akili angetafuta maji. Mimi nikachukua kibomba.

Nikapuliza. Nikasubiri. Nikapuliza tena, na mara ya tatu. Juu tope lilionekana limelegea, nikapitisha taulo kwenye mlango wa dereva, nikasikia sauti. Ni ile sauti ya mchanga kwenye meno unapokula mchicha ambao haukuoshwa vizuri. Hapo ningeacha. Lakini nilikuwa nimeshamwambia kila mtu kazini kuhusu hii dawa, kwa hiyo nikaendelea na mlango wa pili.

Jua lilipopiga ubavuni saa nne, niliona nilichokifanya: mistari myembamba, mingi, yote imefuata mkono wangu ulipopita. Nilimpelekea fundi rangi Mwanjelwa. Akaweka tochi ya simu karibu na mlango, akaupapasa, akasema, "Kaka, rangi haijaguswa, ni klia tu. Ila hili gari umeliosha na msasa." Akapiga polishi, mistari mingi ikafutika, michache bado ipo na ninaijua ilipo.

Dawa siilaumu. Watengenezaji wenyewe wanashauri gari lenye uchafu mzito lipigwe maji kwanza. Mimi ndiye niliyesoma mstari wa vipimo nikaishia hapo. Nilipotulia nikaelewa tofauti. Vumbi ni tabaka jembamba, karibu kila chembe inafikiwa na dawa. Tope lililokauka ni gamba. Dawa inalowesha uso wa juu, ndani kumebaki kukavu na kumejaa mchanga, na taulo ikipita hainyanyui chembe, inaburuta bonge zima. Hata ungepuliza mpaka chupa iishe, kule ndani ya madigadi kuna kilo za udongo zinazosubiri kukudondokea kwenye sehemu uliyokwisha kuisafisha.

Sasa ninafanya nusu kwa nusu, na huu ndio utaratibu ambao ningemshauri mtu wa huku. Nikishuka kutoka Kikondo, tope likiwa bado bichi, nasimama Uyole kwa vijana wenye mashine ya presha. Usilale nalo, hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la taulo. Mazungumzo yetu huwa ni yale yale.

"Shikamoo mzee. Tupige na sabuni?"

"Marahaba. Hapana kijana wangu, maji tu. Anza ndani ya madigadi, halafu chini ya milango."

"Na sponji?"

"Sponji usiniguse nayo kabisa."

Si kwamba nawadharau. Lakini ile sponji imetoka kusugua rimu za Fuso dakika tano zilizopita, na ndani yake kuna barabara yote ya kutoka Tunduma. Mashine zao hata zile ndogo zinatoa kama lita 6 hadi 10 kwa dakika, kwa hiyo dakika sita saba ni maji ya kutosha, na ni maji yao, si ya ndoo za jirani zangu. Nalipa pungufu kidogo ya bei ya kuosha kamili, maana kazi ngumu wameifanya wao.

Kitu ambacho sikukitegemea ni hiki: presha peke yake haisafishi. Gari likikauka linabaki na utando mwembamba wa udongo, ule ambao ukipita na shati jeupe unauchukua. Na utando huo ndio hasa chakula cha hii dawa. Nikifika nyumbani napuliza mara moja, taulo 5 au 6, nusu saa, imekwisha.

Kujua kama ndoo inatosha, ninaangalia sehemu ya chini ya mlango. Nikiona bluu ya gari kupitia uchafu, naendelea na ndoo. Nikiona uchafu mtupu, au una unene wa kubanduka kwa ukucha, naelekea kwenye maji.

Mengine kwa haraka. Wadudu wa kwenye bampa, hasa ukitoka Igawa na Chimala usiku, wanataka taulo yenye dawa ilazwe juu yao dakika chache, wasisuguliwe. Matone ya lami hayatoki kwa hii, yana dawa yake. Rimu zina taulo zake, kuukuu, na taulo yoyote iliyoanguka chini huhamia huko siku hiyo hiyo bila rufaa. Taulo zioshwe peke yake, bila kile kimiminika cha kulainishia nguo, kwa sababu kinaziharibia uwezo wa kunyonya. Na zifichwe. Moja niliikuta jikoni imefuta jiko la mkaa.

Malalamiko ninayo. Mimi sijaiona dukani hapa Mbeya, kila chupa inasubiri mtu wa kutoka Dar au kifurushi cha basi. Gharama ya mwanzo inauma, kwa sababu si dawa tu, taulo nzuri nazo zinakula hela, na bila taulo nyingi usijisumbue. Na Juni na Julai, saa moja asubuhi, kukamua taulo kwenye ndoo ya maji ya Mbeya ni adhabu. Vidole vinakufa ganzi kabla hujafika milango ya nyuma. Siku hizo nachanganya na maji ya moto kidogo, yale yaliyobaki kwenye chupa ya chai.

Wiki iliyopita kijana wa Uyole aliniuliza huwa nakimbilia wapi na gari likiwa linadondosha maji. Nikamweleza. Hakuniamini, kama mimi nilivyomcheka shemeji. Nikamwekea dawa kidogo iliyokwisha changanywa kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikampa na taulo mbili, ajaribu kwenye pikipiki yake. Juzi nimepita, akanikimbilia kabla sijasimamisha gari. "Mzee, tangi limetakata, unaweza kujitazama. Ila hapa kwenye mnyororo," akainua taulo nyeusi tii, "hapa imenishinda."