Treni ya dizeli na ya umeme: uzoefu wangu kwa abiria na mizigo

Nimesafiri na kusafirisha mizigo kwa zote mbili. Kwa abiria nachagua umeme bila kusita. Kwa mizigo natazama kwanza njia inapita treni ngapi kwa siku, maana nguzo, waya na vituo vya kupozea umeme ni gharama kubwa isiyorudi kama treni ni chache.

Kichwa kikubwa cha dizeli nacho kwa kawaida huvuta kwa mota za umeme: injini huzungusha jenereta, jenereta hulisha mota zilizo kwenye ekseli. Maana yake kinabeba mtambo wake wa kufua umeme, tangi la mafuta na rejeta. Kichwa cha mizigo cha Marekani chenye nguvu za farasi 4,400, yaani kama megawati 3.3, kina uzito wa tani 190 hivi. Cha umeme cha Ulaya chenye ekseli nne hutoa megawati 6.4 kikiwa na tani 90 tu.

Uzito huo, hata hivyo, una faida yake. Treni ya mizigo inapoanza kuondoka, kinachoamua ni uzito unaokandamiza magurudumu kwenye reli. Kichwa chepesi huteleza na dereva hulazimika kumwaga mchanga. Kwa kilomita 20 kwa saa dizeli nzito huvuta vizuri sana. Mwendo ukipanda ndipo inapoishiwa pumzi.

Kwa abiria, tofauti iko vituoni. Treni ya umeme yenye mota chini ya mabehewa mengi huchomoka haraka, kwa sababu magurudumu mengi yanasukuma pamoja. Penye vituo vya karibu karibu, muda unaookolewa ni mwingi. Ikiwa injini ya dizeli iko chini ya sakafu, utasikia mtetemo miguuni hata treni ikiwa imesimama. Kwenye mteremko, umeme ambao mota hufua zinapofunga breki hurudishwa kwenye waya na treni nyingine ikautumia. Dizeli huuchoma ukawa joto tu.

Udhaifu wa umeme ni waya. Kaboni ya juu ya pantografu, yaani mkono wa juu ya treni unaogusa waya, ikimeguka huweza kuuchana, na ukikatika treni zote za eneo hilo husimama. Pia kati ya maeneo yanayolishwa na vituo viwili vya kupozea umeme kuna kipande cha waya kisicho na umeme: dereva hukata nguvu na kupita kwa mwendo alio nao. Akisimama hapo, huenda akalazimika kuvutwa.

Kontena za ghorofa mbili zinahitaji waya wa juu zaidi. India waliupandisha hadi kama mita 7.5 kwenye njia yao maalumu ya mizigo ya magharibi.

Kabla ya kusaini mkataba wa mizigo, uliza waya unaishia wapi. Ukiishia kabla ya yadi yako, kichwa kitabadilishwa njiani na breki kujaribiwa upya, na muda huo uuweke kwenye ratiba.