Vidanji (kubadilisha oili) ya transferi ya Land Cruiser yangu Bukavu: nilicholipa na nilichokiona

Gari langu ni Land Cruiser HZJ75, pikapu, injini ya 1HZ ya dizeli. Umri wake tuuache. Mara mbili kwa juma linanipakia maharage na mihogo kutoka soko la Mugogo, kule Walungu, mpaka Bukavu, na mvua zikianza siwezi kutoka bila kutia 4x4. Kazi hiyo ni ya transferi, boksi iliyo nyuma ya gia boksi, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Miezi michache iliyopita likaanza kulia. Sauti nyembamba, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa, inaanza kwenye kilomita 50 kwa saa na kupungua nikiachia mafuta. Chini napo, asubuhi, tone mbili tatu za oili.

Garaji ya kwanza ilizungumza na shofa wangu, si na mimi ninayelipa. Walifungua kizibo cha juu cha transferi, oili ikatoka yenyewe, wakasema: oili imejaa, kwa hiyo ni meno yamekwisha, tafuta transferi nyingine ya okazio, iliyokwisha kutumika, dola 600. Gari wakati huo limesimama kwenye mteremko, pua juu, mkia bondeni. Nikawaaga.

Shemeji yangu ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja mzee wa mtaa wa Essence, ana kibanda cha mabati na kijana mmoja wa kumsaidia. Kitu cha kwanza nilichompendea ni uwanja wake. Wanaoishi Bukavu watanielewa: mji huu ni vilima juu ya vilima, na mahali tambarare pa kutosha gari zima ni mali. Kiwango cha oili kwenye gia hupimwa kwenye ukingo wa tundu la kujazia. Gari likiinama, kipimo kinadanganya.

Tulifika gari likiwa bado la moto, jinsi alivyotaka, kwa sababu oili iliyopoa ni nzito na inabaki ndani na uchafu wake. Akaingia chini na spana ya 24. Alianza na vizibo vya juu. Nikamuuliza mbona hamwagi kwanza. "Mama, nikishamwaga halafu cha juu kikatae kufunguka, gari lako litalala hapa bila oili, na wewe utalala nalo." Kile cha gia boksi kilimchukua nusu saa, mafuta ya kulainisha kutu na nyundo.

Kwenye transferi oili ilimwagika, hata gari likiwa limenyooka. Basi, nikajisemea, wale wa kwanza walikuwa na haki. Mzee hakusema kitu. Akahamia tundu la gia boksi, akachomeka kidole mpaka fundo la pili, akakikunja kuelekea chini, akakitoa. Kikavu. Akaniita: "Mama, kuja uone kidole."

Oili ya gia boksi ilikuwa imehamia transferi. Katikati ya hizo mbili kuna sili kwenye shafti, na ikichoka oili inapita taratibu bila kuonekana nje. Upande mmoja unafurika, mwingine unakauka, na aliyekuwa analia ni gia boksi. Kisha akachomoa kibomba cha kupumulia cha transferi, akakipuliza kwa mdomo, mashavu yakavimba, hewa haikupita. Akapitisha waya, kikaruka kipande cha tope kikavu kama punje ya mhindi. Kibomba kikiziba, joto linajenga presha ndani na oili inasukumwa kupita sili. Ukiingia mtoni na boksi ya moto, ikapoa ghafla, inavuta maji badala ya hewa. Yangu ilinusurika: oili ilitoka nyeusi, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Sumaku ya kizibo cha chini ilikuwa na uji wa kijivu, laini kati ya vidole. Huo ni uchakavu wa kawaida, akasema, cha kuogopa ni vipande vyenye ncha.

Oili nilinunua mwenyewe. Kwenye soko la Kadutu muuzaji alinisukumia GL-5 badala ya GL-4, aina mbili za oili ya gia, eti zote ni moja. Si moja. GL-5 ni ya poni, yaani ekseli yenye difu, na dawa zake za salfa zinaweza kula ringi za shaba zilizo ndani ya gia boksi. Nilichukua 75W-90 GL-4, lita nane kwa dola 7 kila moja, na nilikagua kila kifuniko kama pete yake haijakatwa, maana madebe ya kujazwa upya yamejaa sokoni. Transferi ilimeza lita mbili na kidogo, gia boksi karibu tano. Kijana aliijaza kwa chupa na mpira, akiminya, mpaka ikaanza kudondoka ukingoni. Oili chafu waliuziwa maseremala wa jirani, wanapaka mbao dhidi ya mchwa.

Kazi dola 15. Nampa nne kati ya tano. Moja nimemkata kwa sababu hakuwa na washa mpya za vizibo, zile pete za kuzuia kuvuja, tukapoteza saa mbili shofa akizitafuta, na mvua ikatunyeshea. Risiti pia hana, andika mwenyewe.

Sauti imeisha karibu yote, inabaki kidogo nikipanda na mzigo. Lakini sili haijabadilishwa, na mzee hakunificha: kuifikia lazima transferi ishushwe, siku nzima ya kazi. Baada ya wiki tatu nilirudi uwanjani kwake tukapima. Gia boksi ilikuwa imeshuka, ncha ya kidole tu ndiyo iliyolowa ilipokunjwa. Tuliongeza robo lita na kupunguza upande wa pili. Tumekubaliana kuishusha mavuno ya maharage yakiisha, gari likiwa na nafasi ya kulala. Mpaka hapo kidole changu kinaingia kwenye lile tundu kila mwisho wa mwezi.