Rais akikataa mswada: Nairobi na Dodoma

Kenya, Ibara ya 115 ya Katiba inampa Rais siku 14: atie saini au aurudishe mswada pamoja na hoja zake. Bunge likimkubalia, linarekebisha na kumpelekea tena. Likikaidi, linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349. Mswada ukigusa kaunti, Seneti nayo ipate theluthi mbili ya kura za kaunti. Baada ya hapo Rais ana siku 7. Asiposaini, inakuwa sheria bila yeye. Kikwazo kiko kwenye idadi: asiyefika ukumbini ni sawa na aliyepiga kura ya hapana.

Tanzania, Ibara ya 97, Rais naye huurudisha na sababu zake, lakini mswada hauwezi kumrudia kabla ya miezi 6, isipokuwa uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukirudi na theluthi mbili ndani ya miezi hiyo, ana siku 21 za kuukubali, la sivyo avunje Bunge. Na Bunge likivunjwa, Ibara ya 38 inakiacha kiti cha Rais wazi pia. Wote wanarudi kwa wapiga kura! Kwa mbunge aliyegharamia kampeni, hiyo ni silaha nzito kuliko saini.