Kibanda cha tiketi za Powerball hapa Kirumba: huduma safi, ila tiketi yenyewe huioni

Wakuu, kuna kibanda kimefunguliwa Kirumba hapa Mwanza, njia ya kuelekea Mwaloni, wanauza "tiketi" za Powerball, bahati nasibu ya Marekani. Jina lao siliweki hapa. Nimecheza kwao na nawapa nyota mbili kati ya tano, zote za yule dada wa kaunta.

Dada yuko fasta na hana dharau, kuna mzee wa dagaa alikuja hajui chochote akaelekezwa taratibu mpaka akaelewa. Unachagua namba tano kati ya 1 na 69, halafu ile nyekundu moja kati ya 1 na 26, unalipa elfu kumi na mbili kwa simu, unapewa kikaratasi kina namba zako na mhuri. Kule kwao tiketi ni dola 2, kwa hiyo zaidi ya nusu ya hela yako inabaki kibandani. Na uwezekano wa kubeba ile zawadi kubwa ni mmoja kwa milioni 292 na ushee, hilo bangoni hawajaandika bana.

Sasa kile kikaratasi sio tiketi. Tiketi eti anayo "mtu wetu Florida". Nikaomba walau picha yake, dada akasema anazo meneja, meneja kwa wasapu anasoma anakaa kimya, tiki za bluu tupu.

Mchezo huu wenyewe Wamarekani wameshaburuzana nao mahakamani zamani. Pale Pennsylvania kulikuwa na kampuni inaitwa Pic-A-State, unaingia dukani unataja namba, wakala wao kwenye jimbo lingine ananunua tiketi anakaa nayo hukohuko, wewe unaondoka na risiti, yaani Kirumba mtupu! Mwaka 1994 Bunge la Marekani likapiga marufuku biashara hiyo ya kuvusha majimbo, Pic-A-State wakaenda kushtaki, 1996 mahakama ya rufaa ikawagonga. Na sio ajabu, kila jimbo linataka hela ya watu wake ibaki kwake. Tangu 1820 ndugu wawili wa ukoo wa Cohen walipigwa faini ya dola 100 kwa kuuza Virginia tiketi za bahati nasibu ya Washington, wakajitetea kwamba sheria ya Bunge ndo imeiruhusu, kesi ikafika Mahakama ya Juu 1821 na faini ikabaki palepale. Ruhusa ya kwenu haikufuati ukivuka mpaka.

Hata Nigeria, Lagos ilishtaki serikali kuu 2008 kugombania nani mwenye mamlaka ya bahati nasibu, hukumu imekuja Novemba 2024, sheria ya taifa ya 2005 ikafutwa na mamlaka yakarudi kwa majimbo. Miaka kumi na sita aisee, hapo ni serikali kwa serikali, sasa wewe na kikaratasi chako cha Kirumba utamshtaki nani, na wapi?

Ili nisiwaonee, kuna Muiraki mwaka 2015 alinunuliwa tiketi ya Oregon kupitia mtandao akiwa kwao Baghdad, akashinda dola milioni 6.4 na Oregon wakamlipa. Ila tiketi halisi ilikuwepo na ilijulikana ni ya nani. Na siku hizi hao wanunuzi wa niaba wanabanwa, Texas wamewapiga marufuku 2025.

Nikauliza leseni. Dada akanionyesha ukutani leseni ya biashara na cheti cha TIN (namba ya mlipa kodi), vimewekwa fremu vizuri kabisa. Leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha haipo, na michezo hii bila hiyo haijakaa sawa, hata ukiwa na fremu kumi. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Bodi, mtu aangalie kabla hajatuma hela.

Malipo: jamaa mmoja wa bodaboda alipata ile zawadi ya chini, dola 4, wakamlipa elfu tisa siku hiyohiyo, wakakata chao kidogo. Hiyo wanaweza kuitoa mfukoni hata kama hakuna tiketi yoyote iliyonunuliwa Florida. Aliyewahi kulipwa zaidi ya hapo aweke ushahidi, nitabadilisha nyota.