Skuta ya umeme, KCMC hadi stendi ya Moshi: uzoefu wangu wa miezi saba

Nakaa nyuma ya hospitali ya KCMC, kazi iko Boma Ng'ombe. Kutoka stendi kwenda Boma sina malalamiko, Hiace zipo. Kilichokuwa kinanimaliza ni kufika hapo stendi: daladala ya KCMC haiondoki mpaka ijae, na bodaboda wa asubuhi anajua kabisa una haraka. Nikanunua skuta ya umeme ya mtumba, ile ya kusimama, laki sita na nusu. Chapa siitaji, nyingi za umbo hili ni zilezile: mota ya wati 250 kwenye gurudumu la mbele, betri ya volti 36 chini ya miguu, uzito kilo 12 na nusu. Muuzaji aliniapia inakwenda kilomita 30 kwa chaji moja.

Labda akipanda mtoto wa shule, ndani ya ukumbi. Mimi nina kilo 84 na Moshi imeegemea mlima. Asubuhi nateremka hadi mjini, betri haipungui hata kitone kimoja kati ya vinne. Jioni narudi kwa njia ileile na vitone vitatu vinakwisha. Mwendo unashuka kutoka 25 hadi 10 kwa saa, wanafunzi wanaotembea wananiamkia na ninapata muda wa kuwaitikia mmoja mmoja.

Ila kilichonitisha ni kule kuteremka. Ukishika breki ya mbele, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Mimi nilikuwa nachaji usiku kucha, natoka nyumbani betri imejaa pomoni na mteremko unaanza papo hapo. Betri iliyojaa haina pa kuuweka huo umeme, kwa hiyo breki inalegea. Siku ya tatu nikaukaribia mzunguko wa Mnara wa Saa kwa kasi ambayo sikuiomba, nimebaki na diski ya nyuma peke yake. Fundi aliponisikiliza akacheka. "Kaka, usiijaze. Iachie nafasi." Siku hizi nachomoa kabla haijajaa, na breki inashika vizuri.

Ndani ya Hiace ni habari nyingine. Inakunjwa, sawa, lakini ikikunjwa inabaki na urefu wa zaidi ya mita moja, na Hiace ya saa kumi na mbili asubuhi haina mita moja ya bure. "Mangi, hiyo nayo ni abiria," konda akaniambia siku ya kwanza, na nauli yake nikalipa. Safari nyingine tairi likamchafua mama mmoja kitenge tukiwa hata Kwasadala hatujafika. Niliomba radhi hadi Boma. Tangu hapo naiacha kwa fundi cherehani jirani na stendi, shilingi 500 kwa siku, na mama yule simwogopi tena.

Umeme wenyewe ni bei ya karanga. Betri inabeba wati-saa 280, yaani chini ya theluthi moja ya uniti ya Luku. Hata ukihesabu unaopotea kwenye chaja, haizidi shilingi 150. Bodaboda ya jioni ilikuwa inanila 2,000.

Pancha, Mungu apishie mbali. Rimu ni ndogo na tairi ni gumu. Fundi baiskeli alihangaika saa mbili na akatoboa tyubu mpya wakati wa kuivalisha. Nimejifunza kupima upepo kila Jumapili. Matuta nayo nashuka, naivusha kwa mkono, maana tumbo lake liko chini na ndimo betri ilimo. Mvua ya masika ikianza kunyesha narudi kwa bodaboda bila aibu.

Watu wananisimamisha njiani kuuliza kama nao wanunue. Mimi huuliza kwanza anakaa wapi. Akisema Pasua, kule chini kwenye tambarare, namwambia anunue. Akisema juu huku kwetu, namuuliza ana kilo ngapi.